Kwa Nini Mbwa Hulala Mlangoni pa Ua

Zamani nyua hazikuwa na mlango. Watu walizungushia nyumba zao miti pande zote, kisha wakaegemeza ngazi ya magogo, wakawa wanapanda na kushuka. Mbuzi walibebwa begani. Wakati huo mbwa hakuwa na mahali pake pa kulala, wala hakumbwekea mgeni. Mambo haya yalibadilika kwa sababu ya mjane mmoja wa milimani, jina lake Mghoi, ambaye nyumba yake haikuwa na ua bado.

Mumewe, Mwadime, alifariki baada ya mavuno, akamwachia nyumba na mbwa aitwaye Tusiseme. Mghoi alikubali kwamba Mungu ametwaa kilicho chake. Alichoshindwa kuelewa ni mbwa. Kila jioni Tusiseme alishuka hadi kaburini, kando ya msitu, akalala juu ya udongo. Kisha nyayo za chui zikaonekana pale. Mghoi alimfunga kwa kamba, mbwa akaitafuna. Alimfungia ndani, akakataa kula.

"Huyu naye akienda," Mghoi alisema, "asubuhi nitamsalimu nani?"

Rafiki watano wa marehemu wakaja kumjengea ua. Tangu ujana walifanya kazi pamoja kwa desturi ya ngwe: Mwakio, mkubwa wao, alipima kwa hatua, akachomeka vijiti, na kila mtu akapewa kipande chake. Ngwe ya mtu haikuguswa na mwingine. Kuimaliza kazi ya mwenzio kulikuwa kama kumwambia hatakiwi tena.

Walijenga wameinamisha vichwa, wakitaniana.

"Righa, miti yako imelewa," alisema Mwandoe.

"Inaiga ya kwako," Righa akamjibu.

Jua lilipofika utosini kila mmoja alisimama, akafuta jasho, akasema amemaliza. Lakini upande wa njia ulikuwa wazi, hatua nne nzima.

"Hii ni ngwe ya nani?" aliuliza Mwakio.

"Yangu imeishia kwenye kijiti."

"Na yangu imeanzia kwenye kijiti."

Walihesabu vijiti, wakahesabu vichwa, wakarudia tena. Hesabu haikukubali. Mghoi alikuwa anakuja na uji, akasimama kuwatazama. Kisha akatazama vibuyu alivyobeba. Vilikuwa sita.

"Shemeji," alimwambia Mwakio taratibu, "umempimia na Mwadime."

Mwakio akakaa chini. Miguu yake ilikuwa imepima kwa watu sita, kama miaka yote. Hakuna aliyejua la kufanya. Kuiziba ngwe ile ni kumwondoa marehemu kazini. Kuiacha wazi ni kumpa chui mbwa. Uji ulipoa mikononi mwao, na kibuyu cha sita hakuna aliyekigusa.

Jioni ilipokaribia, Tusiseme aliinuka, akaelekea pale palipo wazi. Mghoi alimwona. Akafumba macho. "Mungu wangu," alisema, "mimi sielewi. Wewe unaelewa."

Alipofumbua macho, mbwa alikuwa katikati ya ngwe ya Mwadime. Alinusa kijiti cha upande huu, akanusa cha upande ule, akajizungusha, akalala, uso ukielekea njiani. Hakushuka kaburini siku ile, wala siku zilizofuata. Kwa nini aliichagua ngwe akaliacha kaburi? Mghoi aliulizwa hata alipokuwa mzee sana. Alisema amekwisha kumshukuru Mungu, na hajui ameshukuru kwa jambo gani hasa.

Rafiki wale hawakuijaza ngwe ile kwa miti. Walisuka fito nyepesi, wakazifunga kwa kamba upande mmoja, ziweze kufungwa giza likiingia ili chui asipite, na kufunguliwa ili Mwadime mwenyewe akija asikute pamezibwa. Huo ndio ulikuwa mlango wa kwanza wa ua. Majirani waliuona, wakaenda kuzichoma ngazi zao.

Na tangu siku hiyo kila ua una mlango, na mbwa hulala hapo hapo. Ukienda kwa watu, mwangalie vizuri. Huinua kichwa kwanza, akakutazama kimya. Anaangalia kama ni yeye, mwenye ngwe. Akiona siye, ndipo hubweka.