Viti Kando ya Boila

Boila la kiwanda cha sabuni lilikuwa na ufa. Mwenye kiwanda, Bwana Mhando, alimwita Semeni, katibu wa chama cha wafanyakazi.

"Mkaguzi anakuja kesho. Saini karatasi hii kwamba boila ni zima, ama ukatafute kazi kwingine."

"Mkubwa hutangulia, bosi. Saini wewe, nikawaoneshe wenzangu, nasi tufuate."

Mhando akasaini huku kitambi kikitikisika kwa kicheko.

Pale kiwandani, wageni wakija, chama ndicho huwapangia viti. Kesho yake Mhando na mkaguzi walikuta vyao vimewekwa ubavuni mwa boila linalounguruma.

Mhando alirudi nyuma mbio. "Mnataka kuniua? Hamuoni lina ufa?"

"Kumbe na wewe uliuona, bosi," alisema Semeni, akamkabidhi mkaguzi ile karatasi.