Jumbe Haendi

Paukwa!
— Pakawa!
Wa nyuma sikuwasikia, mna safura? Paukwa!
— Pakawa!

Ehee, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na Jumbe, Mwinyi Kombo, na Jumbe alikuwa na nyumba ya vyumba saba isiyo na choo. Kwa nini? Kwa sababu Jumbe haendi! Ndiyo mila. Watu wa kawaida huenda. Jumbe anakula, anashiba, basi. Kumchimbia choo uani ni kumtukana. Kila alfajiri yeye na watu wake hupotelea vichakani nyuma ya nyumba, miguu mitupu, na anayewaona hutazama juu kama anayehesabu kunguru.

Sasa, Jumbe alikuwa na binti mmoja tu, Mize, wa miaka saba, mwepesi wa mbio. Mwaka ule Mize akaacha kukimbia. Midomo ikampauka. Hatua tatu tu, anahema, he! he! he! Kutwa ameketi anakwangua udongo wa ukutani, anakula. Mwinyi Kombo akaogopa, jamani. Jumbe mzima, sahani anairudisha imejaa.

Mkewe akasema, "Mume wangu, watoto wa jirani walipatwa hivi hivi. Ni minyoo."

"Minyoo!" Jumbe akaruka. "Mwanangu apate ugonjwa wa wachunga mbuzi? Nitafutieni mganga mwenye ugonjwa wa hadhi yetu!"

Akaja Fundi Mshangama na matunguri yake, chakacha, chakacha. Akapiga ramli, akatikisa kichwa. "Hii ni Ndwele ya Nyota Saba. Humpata mtu mmoja kila miaka mia."

Jumbe, na uchungu wake wote, akavimba kidogo kwa fahari. Kila miaka mia! Wakafukiza, mbuzi akachinjwa. Wakafukiza tena, mbuzi tena. Mgonjwa akakonda, mganga akanenepa.

Siku Mize aliposhindwa kuinuka mkekani, fahari ikamtoka Mwinyi Kombo. Akaenda mwenyewe kwa Bi Siwatu, mkunga mkongwe aliyetibu watoto wa kijiji kizima.

"Shikamoo, bibi. Mwanangu anakufa."

"Marahaba. Twende."

Bi Siwatu hakutazama nyota. Akavuta kope la chini la Mize: jeupe pe. Akafungua kiganja: udongo. Akageuza nyayo: vipele. Kisha akasimama uani, akaangaza huku na huku.

"Choo kiko wapi?"

Watu wakatazama juu, wakahesabu kunguru. Kuku tu, ko, ko, ko.

Fundi Mshangama akakohoa. "Bibi, Jumbe haendi."

"Haendi?"

"Haendi."

"Basi yale ya vichakani ni ya nani?"

Mtu akacheka, akajiziba mdomo. Jumbe akatamani ardhi ipasuke.

"Mtoto ana safura," akasema Bi Siwatu. "Minyoo imeingilia nyayoni, sasa inamnywa damu."

"Lakini bibi, tuliambiwa ni ugonjwa adimu..."

"Ugonjwa ni wa kawaida, baba. Kilicho adimu hapa ni choo."

Akamkabidhi mama dawa ya minyoo, akamwambia mtoto ale maini na mchicha, wala asikanyage chini bila makubadhi. Mwinyi Kombo akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi?"

Bi Siwatu akampa jembe. "Dawa yako hii."

"Dozi yake?"

"Kimo cha mtu mzima, mkono ameuinua."

Jumbe akachimba mwenyewe, mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama. Ti! Ti! Ti! Siku ya kumi Mize akajikokota hadi ukingoni, akachungulia.

"Baba, kumbe unaenda?"

Jumbe akafuta uso, jasho na machozi pamoja. "Naenda, mwanangu. Sote twaenda."

Mavuno yalipofika, Mize alikuwa akiwakimbiza kuku. Na wa kwanza kupiga hodi pale chooni, mnadhani nani? Fundi Mshangama! Mbuzi wale wote walikuwa wamemgeuka tumboni.

Bi Siwatu alikwenda zake zamani. Lakini kijijini kule, hata leo, anayechimba choo husema anameza dozi ya Bi Siwatu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na mficha choo je? Huyo nusura azike mtoto.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni mwa choo. Mwenye haja akohoe kwanza, ndipo aingie.