Kikapu cha Kuvukia Bonde

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Sema wewe, sisi tuna masikio!

Basi tulieni. Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa na baraza, na baraza likawa na vikao vingi kuliko akili, palikuwa na bonde. Bonde lenyewe refu kwenda chini, hata mwangwi ulishuka usirudi.

Njia ya kuvuka ilikuwa moja tu: kikapu cha Korongo. Abiria huketi kikapuni, Korongo hushika mpini kwa miguu, huyoo! Na sheria ilisema: kikapu kirukacho bondeni kiwe mali ya Korongo, aliyeanguliwa humu humu nchini. Mkuu wa anga yote alikuwa Mheshimiwa Mbuni. Ndiyo, Mbuni. Msicheke. Cheo hakiulizi mbawa.

Upande huu wa bonde aliishi Bi Pimbi. Binti yake aliolewa ng'ambo, akajifungua mtoto wa kwanza. Na mila ya mapimbi ni hii: mtoto wa kwanza hupewa jina na bibi mzaa mama, kwa kumnong'oneza sikioni, kabla mwezi haujafa. Mwezi ukifa, basi tena. Mtoto ataitwa "Wee" mpaka azeeke.

Bi Pimbi akaenda kwenye mwamba wa Korongo, akaimba:

Korongo, Korongo, nivushe,
Mjukuu hana jina, nivushe.

Korongo akafumbua jicho moja. "Hakuna nafasi. Mbawa zina umande."

Akarudi tena, mwezi umekuwa nusu. Akaimba. Korongo akasema, "Hakuna nafasi. Nampeleka Fisi kwenye kikao."

"Kikao cha nini?"

"Cha kuzungumzia kero za abiria."

Akarudi mara ya tatu, mwezi umekonda kama ukucha. Akaimba mpaka sauti ikakauka. Korongo akajinyoosha. "Hakuna nafasi, mama. Bawa linawasha. Ni mambo ya kiufundi, hutayaelewa."

Bi Pimbi akaketi akalia. Pale mtoni walikuwa wametua Bukini, mabata wakubwa waliokimbia baridi ya kwao. Mkubwa wao akamsogelea.

"Shangazi, kilio cha nini? Sisi tuna kikapu. Twende."

Kabla hajamaliza, Mbuni katokea mbio. "Shusha! Umeanguliwa wapi wewe?"

"Mbali, mheshimiwa."

"Basi kikapu chako kitakaa chini."

Bi Pimbi akafuta machozi. Akili ya mdogo huchemka polepole, lakini huiva. Akainama. "Mheshimiwa, umesema kweli. Ila kesho asubuhi ng'ambo kuna karamu ya jina. Njoo na baraza lako lote. Bila wakubwa, jina litakuwa jepesi."

Asubuhi wakubwa wakajaa mwambani, wameoga. Upepo ukaleta harufu ya mchuzi kutoka ng'ambo. Na kwa kuwa mila ya baraza ni mkubwa kwanza, hakuna aliyepanda.

"Mkubwa ni mimi," akasema Fisi.

"Wewe mkubwa wa tumbo," akajibu Ngiri. "Nipishe!"

Wakasukumana mpaka jua likawa kali. Mbuni akawatawanya kwa teke, akajitosa kikapuni. Korongo akavuta. Akavuta tena. Akavuta mara ya tatu, manyoya yakamtoka, kikapu hakikuacha ardhi.

Korongo akahema. "Hakuna nafasi, mheshimiwa."

Mbuni hakuwahi kuambiwa neno hilo. Akapepesa macho. Kisha shingo ikageuka polepole upande wa Bukini. "Kuna kifungu cha dharura," akasema.

"Dharura gani?" akauliza Ngiri.

"Huoni mchuzi unapoa?"

Korongo akapiga kelele. "Bukini ni ndege wa msimu! Kwao kukipata joto ataondoka. Nani atawavusha?"

"Hapo Bwana Korongo umenena," akasema Bi Pimbi. "Basi kila kikapu kishikwe na wawili. Mgeni mpini huu, mwenyeji mpini ule. Ndege wa humu humu wapo: Kwarara anaomba ruhusa ya kuvusha tangu hajaota manyoya, na Hondohondo vilevile. Wajifunze. Na wewe chako kinakungoja. Lakini mheshimiwa, dharura ya mkubwa ya leo iwe haki ya mdogo ya kila siku. La sivyo, karamu ni yangu, na sijasema nani atakula."

Mbuni akanusa upepo. "Imepita," akasema.

Vikapu vikaruka. Bi Pimbi alikuwa katika cha kwanza, Bukini kulia, Kwarara kushoto akitetemeka kwa furaha. Akatua, akambeba mjukuu, akamnong'oneza sikioni. Mtoto akapiga chafya.

"Umemwitaje, mama?" akauliza binti yake.

"Nafasi."

Msimu ukaisha, Bukini wakaenda kwao. Vikapu havikukaa chini: Kwarara na Hondohondo walikuwa wameshika mipini yote miwili. Na Korongo? Siku hizi huamka kabla ya jua, umande hauoni, na humuuliza abiria, "Umeketi vizuri, shangazi?"

Ndiyo maana wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mgeni akija, mwenyeji ashike mpini. Aliyelala juu ya kikapu, hata mgeni hawezi kumponya.

Ngano yangu imetua hapa. Aliye kikapuni na ashuke, anayengoja na apande.