Namba ya Simu Chini ya Makala

Kulikuwa na mama mmoja mwandishi. Mwandishi hasa, wa vitabu, miwani puani, kalamu kwenye nywele. Akikuta gazeti limeandikwa ovyo, alilikunja akafukuzia nzi.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, alikuwa sebuleni na jarida. Ndani yake palikuwa na makala ya mwanamke anayeishi na ugonjwa wa selimundu, aliyejificha nyuma ya jina la kalamu. "Wageni wakija," aliandika, "huambiwa nimelala. Mimi niko macho, nasikia vijiko vyao."

Mama wa watu akalia mpaka miwani ikaingia ukungu!

"Wifi!" sauti ikaita kutoka chumba cha uani. Alikuwa dada wa mumewe, mwaka wa tatu huo yuko kitandani. "Wifi, njoo unigeuze, kiuno kinaniua."

"Hebu tulia, wifi! Nasoma habari za mgonjwa!"

Mnacheka? Chekeni sasa, maana mbele hapachekeki.

Akaendelea kusoma, akapiga meza. "Lo! Watu gani hawa wanaoishi na huyu dada? Hawana hata haya! Ningekuwa jirani yake, ningemgeuza kwa mikono yangu hii!"

Chini ya makala, kama ilivyo desturi ya magazeti yetu, palikuwa na namba ya simu ya mwandishi. Huyu, mama akasema, lazima nimpe pole mwenyewe. Akabonyeza tarakimu moja moja. Zikiwa zimebaki mbili, simu yake ikaleta jina: Wifi.

Akafuta. Akabonyeza upya, polepole. Wifi.

Akapiga. Simu ikalia uani.

"Haloo," sauti ikasema, sikioni na ukutani kwa pamoja. "Wifi, umesoma mpaka mwisho?"

 

Ndugu zangu, sisi je? Huruma tunayo, tena tele. Lakini mgonjwa wa kwenye karatasi hanuki, haiti, hakatizi usingizi wetu, huyo tunamlilia. Wa nyumbani tunamwambia atulie. Ni nani uliyemwambia leo asubuhi, "Subiri, nawahi kanisani"?

Basi mkitoka hapa, nawasihi, asije mtu mlangoni kunisifu kwamba mahubiri yamemtoa machozi. Hata yule mama alilia.