Kiboko Aliyependwa kwa Asilimia Mia

Paukwa!

Mbona kimya? Nasikia vidole tu vinagonga vioo vya simu. Hiyo siyo "pakawa," jamani. Tuanze upya. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo sawa. Na leo nikisema "Palikuwa na maji," nyinyi mseme "Ya nani?" Palikuwa na maji!

"Ya nani?"

Ngojeni basi, msiwe na haraka. Pilau yenyewe bado haijaiva, na mlango wa jikoni nimeukalia mimi.

Mnaniita Mjomba Daktari, nami naitika, lakini mtu akiumwa tumbo asinijie. Mimi ni daktari wa maoni ya watu mitandaoni. Nachungulia watu wanasema nini kwenye simu zao, kisha naandika kitabu kinene. Dada yangu, mama yenu huyo, nilimpa kimoja. Anakitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo, na anakisifu sana.

Basi hapo kale, si kale sana, maana wanyama walishakuwa na simu...

"Mjomba, wanyama wana simu?"

Wana simu na wana bando, Mwanakombo. Lako limekwisha, ndiyo maana leo unanisikiliza.

Jua liliwaka mwaka huo mpaka mito yote ikakauka, likabaki bwawa moja. Kiboko akaliingia. Akaingia, akalala, akajaa. Swala akaja kunywa. Kiboko akafungua kinywa: Hwaaa! Swala mbio. Punda Milia akaja kunywa. Hwaaa! Punda Milia mbio.

Akaja Bi Pimbi. Huyu ni mnyama mdogo, ukubwa wake kama paka aliyeshiba, na kwake ni kule juu kilimani kwenye majabali. Alikuwa amembeba mwanawe mgongoni. Mtoto midomo imepasuka kwa kiu, hata sauti ya kulia hana.

"Mheshimiwa, nakuomba tone moja tu la mtoto."

Hwaaa! Bi Pimbi mbio, na mtoto mgongoni.

Wakaenda kwa Tembo, mkubwa wao. Tembo akapunga masikio, akasema, "Mimi siamui mambo kwa kuonea watu huruma. Ufanywe utafiti. Umma ukisema bwawa ni la Kiboko, ni lake. Ukisema ni la wote, nitamtoa mimi mwenyewe kwa mkonga huu."

Akaitwa msomi, Dakta Korongo. Huyu, wapwa zangu, alikuwa mwenzangu kabisa katika taaluma. Miguu mirefu, maneno marefu, na akifikiri husimama kwa mguu mmoja. Akatafuta mahali pazuri pa kuhojia watu. Akaona pazuri kuliko pote ni mgongoni mwa Kiboko, maana pana ubaridi na kuna vidudu vya kudonoa. Nisimcheke. Mimi pia huhojia watu penye chai na vitumbua.

Akasimama mgongoni pale, akauliza, "Swala, unampenda Kiboko?" Chini yake kinywa ki wazi, meno nje.

"Nampenda!"

"Punda Milia, unampenda Kiboko?"

"Mno!"

Akaingia na kwenye kundi lao la simu. Akakuta sifa tupu, maana kila mnyama alijua kwamba linaloandikwa kundini Korongo humsomea Kiboko. Basi akaandika: "Kiboko anapendwa kwa asilimia mia. Utafiti zaidi unahitajika." Hayo maneno ya mwisho sisi huyaandika siku zote, hata tukitafiti kama jua linachomoza.

Tembo akasema, "Vizuri. Kesho natangaza. Bwawa ni la Kiboko."

 Bi Pimbi akamtazama mwanawe, akajua kesho kutwa hana mtoto. Hakulia. Mtoto akamwachia Swala, akashuka mpaka bwawani, akasimama mbali kidogo.

"Hodi, Mheshimiwa! Hongera kwa kupendwa."

"Asante. Nenda zako."

"Naenda. Ila watu wanasema."

Kiboko akatoa masikio. "Wanasema nini?"

"Wanasema utafiti wako una doa. Eti mtu akiulizwa habari za mkubwa, na mkubwa mwenyewe yupo, jibu hilo halihesabiwi. Kesho Tembo akitangaza watacheka."

Kiboko akamgeukia Korongo. "Ni kweli?"

"Kweli tupu!" akasema Korongo. "Hata mimi nilitaka kukwambia, nikaona umelala." Tuko hivyo sisi. Kosa letu likionwa na mwenzetu, tulikuwa tunalijua tangu zamani.

"Basi nifanye nini?"

"Toka majini kidogo tu, Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi. "Twende kwangu kilimani. Mtandao wa kule ni moto, na hakuna maji ya kuua simu. Utasoma sifa zako kwenye simu yangu, kwa macho yako, zikiingia moja moja, badala ya kusomewa."

Kiboko alikuwa hajapata kusoma sifa zake mwenyewe hata siku moja. Masikio yakamcheza. Akatoka. Puu, puu, puu, akapanda mlima na tumbo lake. Juu ya jabali akakaa kitako, na jabali lilikuwa la moto kama kikaango.

Kule chini Bi Pimbi alikuwa ameacha neno: kila anayekunywa, akimaliza aandike shukrani.

Swala akanywa. Gwi, gwi, gwi! Simu ikalia: ting! "Mheshimiwa, leo ndiyo tumejua thamani yako."

"Umeona!" akasema Kiboko.

Punda Milia akanywa. Gwi, gwi, gwi! Ting! "Tangu ulipoondoka, hatuna kazi ila kukusifu."

"Wananipenda hawa! Na wengine?"

Jua likachoma. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka: ta! ta!

"Mheshimiwa, ngozi hiyo. Turudi?"

"Bado! Nisome moja tu, ya mwisho."

Gwi, gwi, gwi! Ting! Ya mwisho ikafuata ya mwisho nyingine. Mnalijua hilo, msinitazame hivyo. Joto lilipozidi, Kiboko akaona ufa wenye kivuli kati ya majabali mawili. Akauingia kinyumenyume, ili uso na simu vibaki nje. Tumbo likasema nyepu, likakwama.

Ting! Sasa ikaingia picha. Mtoto wa Pimbi, midomo imelowa, tumbo kama ngoma, anacheka. Bi Pimbi akaitazama, machozi yakamtoka. Akayafuta. Kisha akaishika simu, akamwelekezea Kiboko, akarusha mubashara kwa wanyama wote, na Tembo akiwemo.

"Pimbi, nimekwama! Maji! Nakufa!"

"Pole sana, Mheshimiwa. Kabla ya maji, kuna swali moja la utafiti. Maji ya bwawa ni ya wote. Je, unakubali sana, unakubali, huna hakika, hukubali, au hukubali kabisa?"

"Nakubali!"

"Unakubali, au unakubali sana? Utafiti hautaki kubabaisha."

Ta! ta! ikalia ngozi.

"NAKUBALI SANAAA!"

Tembo akaja na mkonga umejaa, shwaaa, akammwagia. Akamvuta: pwaa! Kiboko akaporomoka mpaka bwawani. Kufika akawakuta wote wanakunywa. Akafungua kinywa, Hwa... Swala akabonyeza simu, ikatoka sauti ya Kiboko mwenyewe: "NAKUBALI SANAAA!" Kiboko akakifunga kinywa chake. Mpaka leo anakaa kona moja, macho na masikio tu ndiyo nje.

Dakta Korongo akaandika kitabu kipya. Humo kasema umma unakubali sana, kwa asilimia mia, na mhojiwa alikuwa mmoja. Akapewa tuzo. Mimi nimekifundisha kitabu hicho, na nilikuwa nakisifu kwa moyo wote.

Palikuwa na maji!

"Ya nani?"

Ya wote! Na funzo ni hili, wapwa zangu: msidharau wasomi. Bila utafiti, wanyama wale wangekwenda kunywa maji hivihivi tu, kama washamba. Na mkitaka maoni ya kweli ya mtu, mwulizeni akiwa huru, asiwe na hofu wala njaa, na mwenye hadithi asiwepo.

Sasa niambieni. Hadithi ya mjomba ilikuwa tamu. Mnakubali sana, mnakubali, au hamkubali? Jibuni kwa uhuru. Pilau imeiva, naisikia harufu, na mlangoni bado nimekaa mimi.

"TUNAKUBALI SANAAA!"

Asilimia mia. Mwanakombo, lete sahani.