Komba Apiga Picha, Kiboko Auza Nusu

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmekula nini nyie, mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Kaondokea Komba, mwenye macho kama visosi, kajenga nyumba ya filamu isiyo na dari wala bosi.

Basi huyo Komba alikuwa mdogo, anaenea kwenye kikapu cha mayai, lakini kwa kutunga filamu, we acha tu! Tumbili alishika kamera, Bi Kobe aliigiza, na Komba mwenyewe aliandika, akaelekeza, akapika na uji wa wasanii. Kampuni nzima ndiyo hao watatu.

Lakini filamu ukishaitengeneza utaionyesha wapi? Vibanda vyote vya video pale mtoni vilikuwa vya Kiboko. Ukitaka filamu yako ionekane, unaipeleka kwa Kiboko. Ukiipeleka kwa Kiboko, inakuwa ya Kiboko. Anafuta jina lako, anabandika bango lenye sura yake na lile domo lake, basi.

Filamu ya kwanza ya Komba ilikwenda hivyo. Ya pili ikaenda hivyo hivyo. Komba akasema potelea mbali, akatundika shuka lake uani aonyeshe mwenyewe. Wakaja watazamaji wawili, na mmoja alikuwa shangazi yake. Kiboko akaja, akaliangusha shuka, akapita juu yake, chwaa! Akaenda zake.

Bi Kobe akalia. "Mwanangu Komba, mimi nimezeeka. Nyingine nayo akiitia jina lake, narudi kulima mchicha." Tumbili akainamisha kichwa. Komba moyo ukamuuma kwelikweli, maana bila hao wawili hana kampuni.

Wakatengeneza ya tatu, ya mama anayemngoja mwanawe aliyepotea. Komba akaigawa kama filamu zote za kule zinavyogawanywa, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Akachukua ya kwanza, huyoo kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Lete."

"Itazame kwanza, mzee."

"Nina muda huo? Mimi nauza. Lete."

"Itazame walau mwisho wake, mzee wangu."

"Lete!"

Akampa. Kiboko, nawaambieni, tangu azaliwe hajatazama filamu hata moja. Anapiga mwayo, yaaah! Analala.

Jioni vibanda vikajaa pomoni. Bi Kobe kwenye kioo anangoja, anangoja. Nyumbu analia. Fisi analia, na Fisi kulia si mchezo. Mara mlangoni: ngo! ngo! ngo! Bi Kobe anainuka, anajikokota, anashika komeo...

Kioo kikazima.

"Nani anabisha?" Kibanda cha kwanza, nani anabisha? Kibanda cha pili, nani anabisha? Mabenchi yakaruka, kra! kra! Kiboko akakurupuka usingizini.

"Mwisho ndio huo! Nendeni mkalale!"

"Mwisho gani, na mlango haujafunguliwa?"

Huku nje Tumbili yuko juu ya mti na kipaza sauti: "Sehemu ya piliii! Uani kwa Kombaaa!" Pori zima likahama, puku puku puku.

Kiboko akaja mbio alikanyage shuka. Lakini safari hii mbele ya shuka wamekaa Nyati na ukoo wake, Tembo na wakwe zake.

"Wee, unatuziba! Kaa chini!"

Akatazama kulia, Nyati. Akatazama kushoto, Tembo. Akakaa, puu!

Hapo ndipo alipotazama filamu kwa mara ya kwanza. Ngo! ngo! ngo! Bi Kobe akafungua. Alikuwa mwanawe, amekonda, miguu vumbi tupu, anaona haya kuingia. Bi Kobe hakumuuliza alikuwa wapi. Alisogeza sahani tu, akasema, "Kaa, chakula kinapoa."

Kiboko akalia mpaka Tembo akampigapiga mgongoni. Filamu ilipokwisha akamfuata Komba.

"Kumbe ndivyo zilivyo?"

"Ndivyo zilivyo, mzee. Hata zile mbili za mwanzo."

Asubuhi Kiboko akabandua mabango yake mwenyewe.

Kampuni ikakua. Shuka moja likawa mashuka, kila kijiji shuka lake. Kanga akaleta filamu yake, Chura akaleta yake, na Komba akazionyesha bila kugusa jina la mtu. Bi Kobe akipita sokoni wote wanamwita mama.

Hadithi imefika, mie koo limekauka, anayenipenda alete maji.

Na funzo lake, watoto, mlishike: mkubwa akitaka kitu chako, usimbishie, si adabu. Mpe.

Mpe nusu.