Miche Sita na Mtungi wa Samadi

Hapo zamani, mwaka ambao nzige walikula hata kamba za vitanda, kijiji kimoja cha vilimani kilibakiwa na mbegu sita tu za nyanya. Wanakijiji walimpa Bi Mwanakheri azioteshe, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na dirisha pana la mashariki na mlango unaofungika.

Katika nyumba hiyo aliishi pia Mwanamize, mke wa mwanawe, mwenye mtoto wa miezi mitatu. Watu walimwita "mgeni". Kwa desturi yao, mke aliyetoka mbali huitwa mgeni mpaka akabidhiwe mbegu yake mwenyewe. Na mbegu ya zao lililookolewa haigawanywi. Hukabidhiwa mkono mmoja, na wengine wote huenda kuomba kwake. Mwanamize alilijua hilo, akalitamani, asimwambie mtu.

Miche ilipandwa ndani, katika vyungu vya mchanga uliooshwa, maana udongo wa nje ulikuwa umejaa mayai ya nzige. Lakini mchanga hauna chakula. Basi chakula kikawekwa majini.

Bi Mwanakheri ndiye aliyejua kukiweka. Aliloweka samadi ya mbuzi na majivu kidogo katika mtungi siku saba, akachuja, akayazimua maji yale hadi yakawa na rangi ya chai nyepesi. Mishi, binti yake, aliinywesha miche kwa kata asubuhi na jioni. Maji yaliyochuruzika chini ya vyungu aliyakinga kwa bakuli, akayarudisha mtungini.

Mwanamize alichota maji kisimani, mtoto mgongoni. Maji yake ya kuoga hakuyaoga. Alijipangusa kwa kitambaa, yaliyobaki akayatia katika mtungi mwingine chumbani mwake, akaufunika na kuuzungushia kaniki nyeusi, maana maji yanayoona jua hufanya utando wa kijani.

"Wifi," Mishi alimcheka, "mtungi unauvalisha kaniki, umefiwa?"

"Uache uvae, wifi. Haupendi jua."

Mwezi wa pili miche ikatoa maua. Kisha majani yakaanza kuungua pembeni, kama karatasi iliyosogezwa motoni.

"Njaa hiyo," alisema Bi Mwanakheri. "Mtungi umepungua. Jazeni maji ya samadi."

Wakajaza. Majani yakaungua. Mtungi ukapungua, wakajaza tena. Majani yakaungua zaidi. Miche miwili ikafa.

Asubuhi moja Mishi alichovya kidole mtungini, akakilamba.

"Mishi! Unalamba mavi ya mbuzi?"

"Nimelamba, mama, na ni chumvi tupu! Jua linakunywa maji, miche inakunywa maji, chakula kinabaki. Nasi tunaongeza chakula juu ya chakula. Hii haina njaa. Imevimbiwa!"

Bi Mwanakheri akakaa chini. "Basi ni mimi ninayeiua. Mchanga wote uoshwe kwa maji matupu, leo hii. Na kisima kimekauka tangu Ijumaa."

Mwanamize aliingia chumbani, akatoa mtungi wenye kaniki. Akatoa wa pili. Akatoa wa tatu. Akatoa mpaka ikawa tisa, na maji yake yalikuwa safi kama ya siku yalipochotwa.

"Kumbe ndiyo maana unanuka maziwa!" Mishi akapiga makofi.

Wakaosha mchanga. Bi Mwanakheri akachanganya chakula kipya, chepesi zaidi. Tangu siku hiyo, mtungi ulipopungua waliujaza maji matupu. Miche minne ikazaa nyanya nyekundu, na mbegu zake zikajaa kibuyu kimoja.

Siku ya kukabidhi, wanawake wote wakakusanyika uani. Bi Kaje, mkubwa wao, akashika kibuyu.

Bi Mwanakheri akasema, "Mchanga hauna chakula. Nisingejua mimi kukiweka majini, miche isingefikisha jani la tatu. Tena nilipokosea nilikiri, nikaanza upya."

Mishi akasema, "Mama alijua kulisha, hakujua kuacha. Nisingelamba mimi, ingekufa yote sita. Nani mwingine hapa angelamba? Anyooshe mkono!"

Wanawake wakacheka, wala hakuna aliyenyoosha mkono.

Mwanamize aliutazama mkeka. Moyo ulimpiga hadi mtoto akaamka kifuani. Wengi walidhani hatasema.

"Wifi aliujua ugonjwa," alisema taratibu. "Lakini kujua hakuoshi mchanga. Nisingeweka maji mimi, mngejua mkiwa mmekaa, mkiitazama ikifa."

Mishi akapiga kigelegele. "Haya! Mgeni ana mdomo! Ila mbegu sikuachii, wifi."

Bi Kaje akakigeuza kibuyu, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamtazama wa tatu.

Nanyi mnaosikiliza, kibuyu ni kimoja na mikono iliyonyooshwa ni mitatu: wa aliyelisha, wa aliyelamba, na wa aliyeweka maji. Je, ninyi mngekiweka katika mkono wa nani?